Shimo la Nyuma ya Nyumba



Kina mama wanaoteka visima vya karibu na bahari, Tiwi, Diani hadi Msambweni, wanalijua jambo ambalo wageni hulistaajabia: bahari ikijaa, maji ya kisima nayo hupanda, ikikupwa, hushuka. Ardhi tunayoikalia ni mwamba wa matumbawe yaliyokuwa hai baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, na maji ya mvua yameutoboa hata ukawa kama sifongo. Pengine paa la tundu huporomoka, pakabaki pango, au shimo lenye maji chini yake. Shimoni haikupewa jina hilo bure, na pango la Diani lililogeuzwa mkahawa ni la ukoo uo huo.

Kwa hiyo shimo la nyuma ya nyumba si jaa. Ni mlango wa maji yale yale tunayoyanywa. Mchanga huyachuja maji polepole. Matumbawe yenye nyufa huyapitisha pamoja na uchafu wake, na jirani aliye upande wa chini ndiye huuteka.

Nasi hatujitoi katika lawama. Tulikulia penye shimo kama hilo, tukalitupia vifuu na majivu, na wazee hawakutukataza. Lakini vifuu si nepi, wala majivu si betri na mafuta machafu ya gari. Tena siku hizi wako wanaoelekeza humo bomba la choo, kisha wakasifiwa kwa kujenga kwa gharama nafuu! Mtume wetu (s.a.w.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, seuze choo cha nyumba nzima?

Wengi hujibu, “Sisi huchemsha.” Kuchemsha ni kuzuri, kwani huua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara. Hakuondoi naitreti, chumvi itokayo vyooni na katika mbolea. Maji yakipungua sufuriani, hiyo huzidi kukolea. Ikizidi katika maji ya kukorogea maziwa ya chupa, damu ya mtoto mchanga hushindwa kubeba hewa ipasavyo, midomo ikageuka rangi ya samawati. Mama mwenye chupa mkononi na aulize kwanza maji yametoka kisima gani, na choo kilicho karibu kiko umbali gani.

Kazi yenyewe si ya wahandisi pekee. Shimo lijengewe ukingo na kufunikwa wavu imara. Choo kiwe mbali na kisima, kisichimbwe hadi kufikia maji, na kikijaa liitwe gari la kunyonya, maji hayo yasimwagwe vichakani.

Juma lililopita tuliwakuta watoto wa mtaani kwetu wamejiinamia juu ya shimo lisilofunikwa, wakitupa vijiwe na kusikiliza maji yakiitika. Tumewaomba wazazi wao tukutane Ijumaa baada ya sala, kila nyumba ije na mchango wa saruji.