Upambanuzi au Azimio? Lugha ya Kuusomea Ukuta wa Skrini

Ukuta wa skrini ni mkusanyiko wa skrini za kompyuta zilizopangwa safu kwa safu na kuunganishwa ili zionyeshe picha moja kubwa. Kila kompyuta huchora sehemu yake, nayo kompyuta kiongozi huzilinganisha zote. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha California, Irvine, kilijenga ukuta wa namna hiyo kwa skrini 50 zilizoendeshwa na kompyuta 25. Ukuta huo ulionyesha nukta zipatazo milioni 200 kwa pamoja, ilhali skrini ya kawaida huonyesha kama milioni 2 tu.

Wapo watakaodai kwamba hiyo ni anasa ya mataifa tajiri. Mfano wa Songea waonyesha vinginevyo. Mkoa wa Ruvuma una zaidi ya kilomita za mraba 60,000. Satelaiti za Sentinel-2, ambazo Umoja wa Ulaya ulianza kuzirusha mwaka 2015 na ambazo picha zake hutolewa bure, hupiga picha ambamo nukta moja ni eneo la mita 10 kwa 10. Kwa kipimo hicho mkoa mzima ni zaidi ya nukta milioni 600, na shamba la ekari moja ni nukta 40 hivi. Picha hiyo ikibanwa iingie katika skrini ya kawaida, nukta 300 hugeuka kuwa moja, na shamba lile hutoweka. Katika ukuta wa nukta milioni 200 shamba hubaki, na mkoa hubaki pia.

Itasemwa kwamba skrini moja yatosha, kwa kuwa picha yaweza kukuzwa. Hoja hii ina upungufu. Anayekuza sehemu hupoteza umbo zima: milima ya Matogoro, chimbuko la Mto Ruvuma, huonekana bila bonde linalotegemea maji yake. Aidha, mbele ya skrini moja mshika kipanya ndiye huamua kitakachotazamwa. Mbele ya ukuta, mkulima, bwana shamba na mhandisi wa maji waweza kusimama pamoja, kila mmoja akionyesha kwa kidole mahali anapopajua.

Hapo ndipo swala la lugha linapojitokeza, kwani mazungumzo hayo yatafanyika kwa Kiswahili. Sifa ya picha ya kutenganisha vitu vidogo vilivyokaribiana huitwa na baadhi ya watafsiri 'azimio'. Tafsiri hii imefuata sura ya neno la Kiingereza, si maana yake. Kwa Mtanzania azimio ni uamuzi wa mkutano, kama Azimio la Arusha la mwaka 1967. Neno 'upambanuzi' lafaa zaidi, kwa kuwa kupambanua ni kutenga kitu na kingine hata kila kimoja kijulikane. Kitenzi hicho mkulima anacho tayari.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilithibitisha kwamba istilahi za sayansi zaweza kuundwa hata pale shule za sekondari zinapofundisha kwa Kiingereza. Kazi hiyo haina budi kuendelezwa katika uwanja huu, tena kabla ya kuta zenyewe kujengwa. La sivyo, wenye mashamba watasimama mbele ya picha ya ardhi yao huku wengine wakiisoma kwa niaba yao.