Msituulize Jana Tulikula Nini

Kuna swali moja ambalo Likoni, Kisauni na Changamwe tumeulizwa mpaka tumelizoea kama honi ya feri: "Jana ulikula nini?" Anayeuliza ni kijana mwenye tableti mkononi na beji shingoni, amesimama mlangoni saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali. Anataka kila kitu, tangu ulipoamka mpaka ulipolala. Chai ilikuwa na maziwa? Mafuta uliyotumia ni kiasi gani? Mtoto alikula yai? Akimaliza anashukuru, anaenda zake, na wewe humuoni tena wala husikii jibu lako lilifika wapi.

Mimi nimewahi kuwa kijana huyo. Nimetembea Mtongwe na Timbwani na hojaji, nikilipwa kwa idadi ya fomu, si kwa ukweli uliomo ndani yake. Kwa hivyo hapa sipigi kelele za mtu aliyesimama nje ya uwanja. Nasema hivi: utafiti wa lishe unaofanywa kwetu sisi wa ng'ambo ya kisiwa unahesabu tunachotia mdomoni na kuacha kinachotuzuia, halafu unatuita wajinga.

Tuelewane kwanza kuhusu kifaa chenyewe. Njia inayotumika sana ni kumbukumbu ya saa 24: mtu anaombwa akumbuke alichokula siku iliyopita. Kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 kuna kipimo cha makundi 10 ya vyakula: nafaka na mizizi, jamii ya kunde, njugu na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, mboga za majani ya kijani, mboga na matunda yenye vitamini A, mboga nyingine, na matunda mengine. Ukifikisha makundi 5 umepita. Ukiishia 4, mlo wako si mseto.

Sasa mchukue mwanamke wa Bofu aliyekula wali wa nazi na mchicha. Tui linahesabiwa kama mafuta, na mafuta hayamo kwenye yale makundi 10. Nyanya na kitunguu vikiwa vya kutia ladha tu, havifiki gramu 15, havihesabiwi. Amebaki na alama 2. Hesabu hiyo siigombi; kipimo kile kilitengenezwa kutazama watu wengi kwa pamoja, si kumtia mtu mmoja kitanzini. Ninachogombana nacho ni kinachofuata. Alama zikiwa chini, pendekezo la kwanza kwenye ripoti mara nyingi huwa moja: akina mama wapewe elimu ya lishe. Kama kwamba yule mama alikuwa na samaki, yai na papai mezani, akachagua mchicha kwa kutojua.

Halafu kuna suala la ukweli wa jibu lenyewe. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba huku na huku na ukumbi katikati. Kila mpangaji ana mlango wake, lakini masikio ni ya wote. Ukimuuliza mama hapo ukumbini jana alikula nini, hujamuuliza peke yake. "Mwanangu, tulikula wali kwa samaki, alhamdulillahi." Huenda ni kweli. Huenda pia ilikuwa chai ya mkandaa na mkate wa juzi. Sisi tumelelewa kwamba njaa ya nyumba haitolewi mlangoni. Kujisitiri ni heshima, na heshima hailali eti kwa sababu mgeni ana tableti. Na jirani yake, aliyesikia kwamba fomu hizi ndo huleta unga, atapunguza badala ya kuongeza. Wote wawili wanaandikwa, wote wawili wanaitwa data.

Wala si sisi tu. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Uingereza na Marekani walipoanza kutumia maji yenye alama maalumu kupima nishati ambayo mwili unatumia kweli, waliona kwamba watu wengi hutaja chakula kidogo kuliko wanachokula. Huko walisema kifaa kina kasoro. Huku kwetu, jibu likikosea, mwenye kasoro ni mama wa Likoni.

Wazee walisema siri ya mtungi muulize kata. Hojaji haimuulizi kata. Inauliza mtungi umejaa au haujajaa.

Tazama sinia. Hojaji nyingi zinadhani kila mtu ana sahani yake. Watoto wanne wakizunguka sinia moja ya wali na kipande kimoja cha samaki, nani alikula samaki? Mwenye mkono mwepesi. Mama ataapa kwamba mtoto wake wa miaka mitatu alikula samaki, na haongopi, manake samaki alikuwapo. Zipo njia za kupima chakula cha sinia: unakaa na watu, unapima kabla na baada, unatazama mikono. Lakini zinataka muda, na muda ni pesa ambayo mradi umeshaitumia kwa semina ya hoteli.

Tazama kibanda. Changamwe mwanamume anayefanya kazi bandarini zamu ya usiku anakula saa nane usiku karibu na geti. Chakula hicho ni cha jana au cha leo? Mkewe, ndiye anayehojiwa, hakijui. Mtoto wa Mlaleo aliyepewa shilingi kumi kanunua viazi vya karai akienda shule, akanunua mabuyu akirudi. Nani aliandika? Na ukija Ramadhani, ratiba yote inapinduka: futari, chakula cha usiku, daku. Ukipima mwezi huo utapata mji mwingine kabisa kuliko ule wa mwezi wa pili wa kiangazi, maji yakiwa yamekatika.

Na hapo kwenye maji ndipo penye kiini. Wataalamu wanatuambia tupike maharagwe na mbaazi nyumbani, tuache vya kibandani. Haya, tupige hesabu. Maharagwe makavu yanataka saa mbili au tatu za moto. Makaa yananunuliwa kwa kopo. Maji yananunuliwa kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwenye mkokoteni. Mafuta yananunuliwa ya kupima. Ndiyo maana ukimuuliza mama alitumia mafuta kiasi gani anakujibu "ya ishirini," na wewe unahangaika kuzigeuza shilingi ziwe mililita. Mwanamke anayenunua mbaazi za nazi zilizoiva na mahamri mawili kwa jirani hajashindwa kupika. Amegawana moto na maji na mtaa mzima. Huo ni uchumi, tena wa akili nyingi. Fomu inauandika "chakula cha nje."

Jirani yetu mmoja huchemsha trei nzima ya mayai, thelathini, kila siku. Anayapasua, anatia kachumbari na pilipili, anauza stejini. Nilipofika kwake na swali la mayai, jibu la mwanawe lilikuwa hapana. Hapana, jana hakula yai. Utamfundisha nini mwanamke huyu kuhusu yai? Anajua bei yake asubuhi na bei yake jioni. Anajua kwamba yai moja likiliwa nyumbani, faida ya mayai kadhaa imekwenda. Bango la mlo kamili halimwongezei kitu asichokijua. Linamwongezea aibu.

Hebu tuende kwenye takwimu kubwa. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulisema watoto waliodumaa nchini wamepungua, kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi 18. Habari njema. Kilifi, ukivuka tu mkono wa bahari wa Mtwapa kutoka Kisauni, ilikuwa asilimia 37, ya juu kuliko kaunti zote. Lakini utafiti ule umepangwa kutoa jibu kwa kaunti nzima, hauingii ndani zaidi. Kwa hivyo mtoto wa nyumba ya ufukweni Nyali na mtoto wa Shika Adabu wanatiwa kwenye chungu kimoja, kinakorogwa, kinaitwa Mombasa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti yetu. Kisauni ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358, Changamwe 131,882. Hao ni 674,170, zaidi ya nusu ya kaunti, na njaa yao inafichwa ndani ya wastani.

Mchezo huu una miaka. Mwaka 1931 ilichapishwa London ripoti ya John Boyd Orr na John Gilks, iliyolinganisha miili na vyakula vya Wamaasai na Wakikuyu hapa Kenya. Walipima maelfu ya watu. Wakaona Mmaasai wa maziwa na nyama ni mrefu na ana nguvu, na Mkikuyu wa nafaka na mizizi ni dhaifu kuliko yeye. Maelezo yakawa ni chakula cha kabila. Lakini hiyo ilikuwa Kenya ya kodi ya kibanda, ya ardhi iliyokwisha kugawiwa walowezi, ya wanaume walioondoka nyumbani kutafuta mshahara. Hayo si mila ya kula. Boyd Orr akaja kuwa mkuu wa kwanza wa FAO, na mwaka 1949 akapata tuzo ya Nobeli ya amani. Sisi tukabaki na tabia ya kupimwa sahani bila kuulizwa shamba.

Najua nitaambiwa: kwani wewe wataka tusipime? Hapana. Utepe wa kupima mkono wa mtoto ni kitu kidogo kinachookoa roho. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, rangi ni nyekundu, na mtoto hangoji ripoti, anapelekwa kituoni siku hiyohiyo. Mwaka 2018 serikali na FAO walichapisha majedwali ya viambato vya vyakula vya Kenya, pamoja na kitabu cha mapishi, na hiyo ni kazi ya maana: huwezi kuhesabu wali wa nazi kwa jedwali la nchi isiyo na mnazi. Kupima ni kuzuri kipimo kinapoleta tendo. Kibaya ni kupima kwa ajili ya kupima.

Basi ninachotaka ni hiki. Ukiuliza alichokula, uliza na bei ya alichotaka kula. Uliza bei ya moto na ya maji. Hesabu sinia na kibanda, usivifanye dosari. Waajiri wanawake wa mtaa wenyewe, wanaojua ni saa ngapi ukumbi hauna masikio. Toa takwimu za wadi, si za kaunti peke yake. Na majibu yarudi kwa Kiswahili, kwenye baraza, kwa watu waliotoa asubuhi yao bure. Hii si hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Njaa yangu ikiwa ndani ya kompyuta yenu, ni habari yangu.

Nanyi mnaosoma haya kwenye simu, ndani ya matatu ya Magongo au mkingoja feri, siku moja mtagongewa mlango. Mkaribisheni mgeni, mpeni kiti na maji. Kisha, kabla hamjamjibu jana mlikula nini, muulizeni matatu. Anayelipia kujua ni nani? Jibu litarudi lini, na kwa lugha gani? Na akishajua kwamba tuna njaa, atafanya nini?

Akishindwa la tatu, mwambieni tulikula wali kwa samaki, alhamdulillahi.