Boga, Kisu na Mbegu

Kila mwaka, ifikapo jioni ya tarehe 31 Oktoba, maboga yaliyochongwa nyuso za kutisha huwashwa mishumaa ndani na kuwekwa milangoni pa nyumba nyingi za Marekani. Desturi hiyo ilienea huko kwa wahamiaji wa Ireland katika karne ya 19. Kwao walikuwa wakichonga mizizi minene ya jamii ya figili. Walipovuka bahari wakaona boga ni kubwa zaidi, tena laini ndani.

Laini ndani, lakini ganda lake ni gumu, na hapo ndipo watu hujikata. Kisu cha kukunja kisicho na kizuizi, kikikwama kisha kikalazimishwa, huweza kujikunja ghafula juu ya vidole vilivyoshika mpini. Maji ya boga nayo huutelezesha mkono. Basi mtu mwenye busara huwaachia watoto kuchora uso kwa kalamu na kukomba mbegu kwa kijiko. Mwenyewe hukata polepole kwa msumeno mdogo, na mfuniko huukata mshazari usije ukatumbukia ndani.

Mbegu ndizo faida ya kazi hiyo (boga lililokaa na mshumaa usiku kucha halifai tena kuliwa). Huoshwa mpaka nyuzi zitoke, huanikwa zikauke kabisa, kisha hutiwa mafuta kidogo na chumvi. Katika tanuri au kikaango, kwa moto wa kiasi, hugeuzwa-geuzwa mpaka zigeuke rangi na kuvunjika menoni.