Tusimlaumu suderi kwa bageti tulizonunua sisi wenyewe

Msimu huu aksi ya mashine yetu ya kusaga ilivunjika, ikasudewa, na siku mbili kisha ikavunjika tena palepale, na mihogo ya watu iko inangoja kwenye mifuko. Katika mkutano wengi walisema suderi ni mwizi. Mimi sikubali. Bageti ni sisi tulizinunua, zile za kawaida, 6013, moja moja sokoni, katika paketi iliyofunguliwa tangu zamani. Tena tulimwambia amalize kabla ya jioni.

Ndugu wanachama, aksi si chuma cha dirisha. Chuma cha dirisha kina kaboni kidogo, karibu kila bageti inakishika. Aksi nyingi ni chuma kilichochanganywa: kaboni karibu 0,4 kwa mia, kromu karibu 1 kwa mia, na molibdeni kidogo. Watu wanafikiri mshono ni bageti tu. Hapana. Moto unayeyusha aksi pia, na robo hivi ya mshono, pengine zaidi, inatoka kwake. Kaboni na kromu zinaingia humo, na chuma kikipoa haraka kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika sawa kioo.

Tena kuna maji. Dawa inayofunika bageti inanyonya unyevu, zaidi wakati wa mvua. Katika moto yale maji yanatoa hidrojeni, inaingia chumani, na ufa unakuja masaa mengi kisha, hata siku mbili, wakati suderi amekwisha kulipwa na kurudi kwake. Njo vile tunamwita mwizi.

Kwa aksi ya namna hii inafaa bageti 7018, iliyokaushwa katika tanuri kwa digrii 300 mpaka 350, saa moja au mbili. Kuanika juani hakutoshi. Kuna pia za inox, zinazoandikwa 312, zinazovumilia zaidi chuma kigumu, lakini bei yake inauma. Mbele ya kusude, aksi ipashwe kwa makaa, digrii 200 mpaka 300. Hatuna kipimo? Fundi wa radio ana uzi wa etaini: ukigusa chuma ukayeyuka, tumekaribia 200. Lakini auguse mbali na mahali pa mshono, etaini ikiingia humo inaharibu. Suderi ashike moto mfupi, kwa sababu moto mrefu unaingiza hewa na kuchoma manganezi. Kisha aksi ilale katika majivu makavu mpaka asubuhi. Maji, hata tone, hapana.

Yote hiyo ni kazi ya siku mbili. Kwenye mkutano ujao nitaomba kasha letu linunue paketi ya 7018 iliyofungwa, na suderi alipwe siku mbili, si moja. Aksi iliyovunjika iko bado kwenye depo. Mwenye mashaka apite, aangalie ule ufa.