Programu huria ni za bure, maelekezo yake ndiyo ghali

TAREHE 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilifunga rasmi huduma ya kawaida ya bure kwa mfumo wake wa Windows 10. Kwa wenye ofisi kubwa za Dar es Salaam, habari hiyo ilikuwa ni suala la bajeti ya mwaka. Kwa mwenye duka la stesheneri au la pembejeo katika kata ya Bagamoyo, ni suala la kujua kama kompyuta aliyoinunua ikiwa imeshatumika Ulaya itaendelea kumlisha au itageuka kuwa mzigo mezani.

Bagamoyo ninayoizungumzia hapa si ile ya Pwani yenye magofu na bandari ya majahazi. Ni kata ya mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, kwenye nchi ya mvua, chai, ndizi na parachichi. Huko kompyuta moja hufanya kazi nyingi. Hutoa nakala za vyeti, huandika barua za maombi ya kazi, hutunza hesabu za duka, na wakati mwingine ndiyo hiyo hiyo inayoandaa orodha ya wakulima waliopeleka mazao kwenye chama chao cha msingi.

Ni vizuri tueleweshane. Windows 10 haikuzimika siku ile, na kompyuta inawaka na kuandika kama zamani. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama, yaani kazi ya kuziba mianya ambayo wezi wa mitandao huitafuta kila siku. Kwa watumiaji binafsi kampuni ilitangaza utaratibu maalumu wa nyongeza wenye ukomo wa tarehe 13 Oktoba 2026. Anayependa kuhamia Windows 11 anatakiwa awe na mashine yenye sifa zake, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliki rasmi, hata kama bado ni nzima.

Kwa hiyo mfanyabiashara mdogo amebaki na njia tatu. Anaweza kukaa alipo na kuikubali hatari, anaweza kununua mashine nyingine, au anaweza kuhamia kwenye programu huria. Makala haya yanahusu njia ya tatu, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa sana na ndiyo inayowakatisha tamaa wengi.

Bure ya namna gani?

Programu huria ni ile ambayo mwenye nayo ameruhusu mtu yeyote aitumie, aigawe, aifungue ndani na kuirekebisha bila kulipia leseni. Mfumo wa Linux ni mfano mkubwa. Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, CD zake zilitumwa bure kwa posta kwa aliyeomba. Kwa kazi za ofisi ipo LibreOffice, inayoandika barua na kupiga hesabu za majedwali. Hakuna senti inayodaiwa.

Ukiangalia upande huo tu, jibu ni rahisi. Mwenye duka ataacha nakala za wizi ambazo mafundi wetu huziweka wanapoitwa “kupiga Windows”, na atakuwa na programu halali isiyomdai chochote.

Hata hivyo, kitu cha bure kina gharama yake. Mwenye duka hulipa kwa bando la intaneti, kwa siku nzima ya kufunga biashara, kwa nauli ya kumleta fundi kutoka Mbeya, na pengine kwa kupoteza daftari lote la madeni. Ukichunguza vizuri, sehemu kubwa ya gharama hiyo haitokani na programu yenyewe. Inatokana na maelekezo ambayo hayapo, au yapo kwa Kiingereza cha wataalamu, au yaliandikwa kwa toleo la miaka sita iliyopita.

Pale kazi inapokwama

Kikwazo cha kwanza ni faili lenyewe. Faili la kusakinisha Linux hupita GB 2, na Ubuntu za karibuni hupita hata GB 5. Mtandao ukikatika katikati, faili linaweza kuonekana limefika kumbe lina kasoro, na kosa litajitokeza baadaye kwa maneno yasiyoeleweka. Ndiyo maana tovuti rasmi huweka namba ndefu ya uhakiki pembeni ya faili. Fundi anatakiwa kulinganisha namba hiyo na ya faili alilolipata kabla ya kuliweka kwenye flashi. Kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini maelekezo mengi huitaja kwa mstari mmoja tu na msomaji huiruka.

Cha pili ni umri wa kompyuta. Mashine za zamani sana ni za biti 32, na Linux nyingi zimeshaziacha. Debian, iliyokuwa kimbilio la mashine hizo, iliacha kutoa kisakinishi cha biti 32 katika toleo lake la 13 la Agosti 2025. Mtu anayefuata mwongozo wa zamani atahangaika siku nzima akidhani amekosea, kumbe mlango ulishafungwa.

Cha tatu ni kile ambacho ningekiita mtego wa kuku na yai. Kompyuta imeshawekwa Linux lakini haioni intaneti ya hewani, kwa sababu draiva ya kifaa hicho haikuja na mfumo. Maelekezo yanasema: pakua draiva kwenye intaneti. Utapakuaje wakati intaneti ndiyo inayotafutwa? Dawa yake ni nyepesi. Unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, kisha washa kwenye simu huduma ya kugawa intaneti. Mara nyingi Linux huitambua simu papo hapo. Jambo hili dogo likikosekana kwenye maelekezo, fundi huondoka na kusema Linux ni mbovu.

Cha nne kinahusu printa. Duka la stesheneri bila printa si duka. Baadhi ya printa hutambuliwa zikichomekwa tu, na nyingine zinasumbua au hazikubali kabisa. Bahati nzuri Linux nyingi zinaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta. Hapo ndipo pa kupima printa, sauti, skana na intaneti. Kama karatasi haitoki, umepoteza saa moja badala ya biashara nzima. Aidha, mwenye kifaa cha risiti za kodi kilichounganishwa na kompyuta amuulize kwanza aliyemuuzia kama kinafanya kazi na Linux.

Cha tano ndicho kinacholiza watu. Wakati wa kusakinisha, skrini huuliza kama diski nzima ifutwe. Swali hilo lipo kwa Kiingereza, na jibu lake limeshawekewa alama. Anayebonyeza “endelea” kwa mazoea anafuta picha, barua na hesabu zote. Hakuna atakayezirudisha kama hazikuhifadhiwa mahali pengine.

Tulishawahi kujaribu

Kuna wanaodhani kwamba dawa ni kutafsiri programu kwa Kiswahili tu. Jambo hilo lilishafanyika. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Ilibidi istilahi zitafutwe na zikubaliwe, na baadhi ya maneno tunayoyatumia leo kuhusu kompyuta yalipata nguvu kutokana na juhudi za namna hiyo.

Lakini programu haikai mahali pamoja. Mwaka 2010 waandaaji wengi wa OpenOffice walijitenga na kuanzisha LibreOffice, ambayo hutoa matoleo makubwa takribani mawili kwa mwaka. Kila toleo huja na maneno mapya na hatua mpya. Mkulima wa Rungwe analielewa hili kuliko mtaalamu wa mjini, maana shamba la chai halipaliliwi mara moja likaachwa. Tafsiri iliyofanywa mara moja huchakaa. Zaidi ya hapo, kutafsiri vitufe ni kazi moja, na kumweleza mtu afanye nini kitufe kikigoma ni kazi nyingine kabisa.

Upo pia mfano wa programu huria iliyokubali hapa nchini. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway, uliletwa na Wizara ya Afya kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ulianza kwa majaribio mkoani Pwani, na kufikia mwishoni mwa 2013 ulikuwa umeenea mikoa yote ya Tanzania Bara. Watumishi wa wilayani hawakuambiwa wapakue programu na kusoma wenyewe. Usakinishaji ulifanywa mahali pamoja na wataalamu, watumiaji wakafungua kwa kivinjari cha intaneti, wakafundishwa, na wakawa na timu ya kuuliza.

Tofauti ya mifano hii miwili si ubora wa programu. Ni kwamba kwenye DHIS2 kuna watu waliolipwa kufundisha, kuandika maelekezo na kuyahuisha mwaka hadi mwaka. Programu huria nyingi hutengenezwa na watu wanaojitolea, nao hupenda kujenga kuliko kueleza. Isitoshe, aliyeitengeneza anaijua mno, na hatua anayoiona ndogo ndiyo inayomzamisha mgeni.

Tulipie maelekezo

Kama hoja hiyo ni sahihi, basi mfanyabiashara wa Bagamoyo abadilishe namna ya kuzungumza na fundi. Kwa kawaida tunamlipa kwa kompyuta kuwaka. Tumlipe kwa kompyuta kuwaka pamoja na karatasi. Mkubaliane tangu mwanzo kwamba sehemu ya mwisho ya malipo itatoka pale atakapokabidhi kurasa mbili za Kiswahili zinazoeleza aina ya kompyuta, jina na toleo la mfumo aliouweka, hatua alizopita, na kila kosa lililojitokeza, likiwa limenakiliwa kama lilivyoandikwa kwenye skrini, pamoja na dawa yake.

Fundi anaweza kugoma, kwa kuwa ujuzi huo ndio ugali wake, na hoja yake ina uzito. Ndiyo maana nasema tumlipe. Karatasi hiyo ni mali, kwani itaokoa siku nyingine ya kufunga duka hata kama fundi mwenyewe yuko safarini.

Karatasi ipimwe. Mpe kijana ambaye hakuwepo wakati wa kazi, na umwache aifuate peke yake kwenye mashine isiyo na kitu cha thamani. Pale atakaposimama na kuuliza, hapo ndipo maelekezo yana kasoro, na parekebishwe. Iandikwe pia tarehe. Namba za Ubuntu husaidia hapa, kwa mfano 24.04 maana yake ni Aprili 2024. Maelekezo ya 18.04 yasitumike kwa 24.04 bila kuuliza.

Kwa vyama vya msingi na SACCOS, njia nafuu zaidi ni kufanya kwa pamoja. Vyama vitano vikichagua aina moja ya kompyuta, mfumo mmoja na printa ya aina moja, karatasi moja itavitosha vyote, na tatizo lililotatuliwa Kiwira halitaanza upya Masoko. Mifumo inayofunguliwa kwa kivinjari, kama MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, hupunguza mzigo huo kwa sababu chama hakisakinishi chochote cha pekee.

Vyuo navyo vina nafasi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko mwendo wa kilometa 70 hivi kutoka Tukuyu. Mwanafunzi wa kompyuta akipewa zoezi la kuandika mwongozo wa Kiswahili ambao mwenye duka ameutumia na ukafanya kazi, atakuwa amejifunza zaidi kuliko kunakili ripoti iliyokaa maktaba, na ataiachia wilaya kitu cha kutumia.

Ambaye hana fundi wa kuaminika wala karatasi asiharakishe. Ahifadhi kwanza kazi zake kwenye diski ya nje, ajaribu Linux kwa flashi kwa wiki moja, na aanze na LibreOffice ndani ya Windows hiyo hiyo aliyonayo ili aizoee. Kuhama kwa hatua hakuna aibu. Aibu ni kufuta daftari la madeni kwa sababu ya swali moja la Kiingereza lililokosa mtu wa kulieleza.