Mwatiko wa Mtwara na Kiza cha Alfajiri

Wako wadhanio kuwa ufugaji wa kisasa wa samaki ni taa. Huko Norway wafugaji wa samoni huwasha taa usiku wakati wa baridi ili samaki wasipevuke mapema na kudumaa. Mtwara, nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, mchana wa Desemba hauuzidi ule wa Juni hata kwa saa moja na nusu. Na mwatiko, ambaye hupevuka apatapo miaka mitano hivi, huvuliwa bwawani angali mchanga. Taa imzuie nini?

Kiza cha kuogopwa ni cha kila usiku. Mchana mimea midogo ya bwawani hutoa oksijeni kwa usanisinuru. Jua likizama, mimea hiyohiyo huitumia pamoja na samaki, hata ikapungua mno karibu na alfajiri. Mbolea ikizidi, mimea huzidi, na hatari nayo. Hasa siku za maji mafu, ambapo bahari haifiki kubadili maji ya bwawa. Samaki wakionekana juu wakitweta, mfugaji asitie mbolea wala chakula.

Mwalimu wa biolojia ingefaa awapeleke wanafunzi bwawani saa 11 alfajiri, si saa 4 asubuhi, maji yakiwa yamekwisha kupata nafuu.