Samaki wageni watengwe kwanza



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo huenda wasomaji wengine wakaliona dogo, lakini limemtia mtu katika hasara na aibu asiyostahili.

Mdogo wangu ni mfanyakazi wa hoteli moja huku pwani. Kazi yake ni kutunza tangi kubwa la kioo lenye maji ya bahari, ambamo mna samaki wa rangi, matumbawe hai, kamba na konokono. Miezi michache iliyopita aliletwa kangaja mmoja wa buluu, mwenye uso mweusi na pezi la njano mgongoni. Mdogo wangu aliomba samaki huyo awekwe kando kwanza. Mkubwa wake alimjibu kuwa hoteli haikununua samaki ili akae stoo, akaamuru atiwe tangini siku ile ile.

Siku ya tano kangaja akaota vidoa vyeupe kama punje za chumvi, akawa anajikuna kwenye mawe na kuhema haraka haraka. Haukupita muda samaki wengine nao wakawa hivyo hivyo. Hapo mkubwa yule akaamuru dawa ya shaba imiminwe ndani ya tangi. Baada ya siku mbili kamba na konokono walikuwa wamekufa wote, na matumbawe yalisinyaa yasipone tena. Sasa mdogo wangu anakatwa mshahara kulipia hasara hiyo. Je, ndugu wasomaji, hiyo ni haki?

Mimi si mtaalamu wa samaki, ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Lakini baada ya mkasa huo nilisoma maandishi ya wataalamu, na nimeona kuwa mdogo wangu ndiye aliyekuwa na haki tangu mwanzo.

Ugonjwa huo huletwa na kijidudu ambacho jina lake la kitaalamu ni Cryptocaryon irritans. Kijidudu hicho hujichimbia chini ya ngozi ya samaki na kumla kwa muda wa siku 3 hadi 7. Kisha hudondoka, hujishikiza kwenye mchanga au jiwe na kujifunika kwa ganda. Ndani ya ganda hilo moja huweza kutoka vijidudu vichanga hata 200, vikaogelea kutafuta samaki mwingine. Visipompata kwa siku moja au mbili hufa. Ndiyo maana vidoa hutoweka, mtunzaji akadhani samaki amepona, kumbe adui yuko chini anazaana.

Sasa tuangalie dawa. Shaba inayotumika mara nyingi hutokana na mrututu, ule ule ambao wakulima wa kahawa wanaufahamu. Huua kijidudu wakati kinapoogelea tu, si kikiwa ndani ya ngozi wala ndani ya ganda. Kwa hiyo lazima idumu majini wiki 3 au zaidi, kwa kipimo cha miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa kila lita, na ipimwe kila siku. Ikipungua haifai kitu, ikizidi humwua samaki mwenyewe. Tena mawe na mchanga wa matumbawe huinyonya, kipimo kikapotea. Na kamba, konokono na matumbawe hawaivumilii hata kidogo. Wengine hutumia klorokwini, ile ile chungu tuliyomezeshwa utotoni kabla ya Tanzania Bara kuiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Hiyo nayo si ya kumwagwa penye matumbawe.

Njia iliyo sahihi ni moja. Samaki wote watolewe wakatibiwe katika tangi la pembeni lisilo na mchanga wala mawe, lenye vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia tu, na maji yake yabadilishwe mara kwa mara. Tangi kubwa libaki bila samaki hata mmoja, ili vijidudu vife kwa njaa. Wataalamu wamewahi kuona vingine vikitoka katika maganda baada ya siku 72, ndiyo maana wafugaji makini husubiri siku 76. Ni kazi ndefu na ya gharama. Kumtenga mgeni mmoja kwa wiki 4 hadi 6 ni rahisi zaidi kuliko hayo yote.

Sisi walimu jambo hili tunalijua. Mtoto akija shuleni na surua hatumketishi darasani kwa kuwa baba yake amekwisha mnunulia sare. Humrudisha nyumbani mpaka apone, nasi hatumchukii kwa kufanya hivyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika tangi lile mgeni alikuja, wenyeji wakaangamia, na kosa si la mgeni. Kangaja yule alitolewa baharini, akasafirishwa katika mfuko, akafika amechoka. Samaki aliyechoka ni mwepisi kushikwa na ugonjwa.

Kwa hiyo naomba wenye hoteli na wote wanaofuga samaki wa bahari wafanye mambo mawili. Kwanza, kabla ya kununua samaki wanunue tangi dogo la kumtengea. Asiye na uwezo wa kununua tangi dogo basi hana uwezo wa kufuga. Matumbawe na samaki hawa hutoka katika bahari, si kiwandani, na kuwapoteza kwa haraka zetu ni kuifuja bahari yenyewe.

Pili, anayetunza tangi kila siku asikilizwe. Aliyeamuru ndiye awajibike. Si vizuri mkubwa kutoa amri na mdogo kulipa deni. Mdogo wangu ana watoto wawili, na mshahara unaokatwa ni chakula chao. Natumaini wahusika watasoma barua hii na kumrudishia haki yake.

Mwalimu wa Kijijini,
Tanga.